Gari Jipya Halina Fundi

Gari kuukuu likifa, kila mtu anajua la kufanya. Fundi anaitwa, anafungua boneti, anasonya, anataja bei, mnagombana, mnakutana katikati, na kabla wiki haijaisha uko barabarani. Hata kama injini imenoki na haifai tena, pale Shauri Moyo, Ilala, yupo kijana mwenye nyingine iliyofungwa kwa nailoni, imetolewa kwenye gari lililogongwa nyuma huko Japani, na anaapa kwa uhai wa mama yake kwamba imetembea kidogo tu. Unalipa, unanung'unika, maisha yanaendelea. Nimeendesha magari ya aina hiyo karibu utu uzima wangu wote, nikiyasema vibaya kila asubuhi. Leo ukiniuliza, nitakwambia yale ndiyo yalikuwa magari.

Kisa changu ni cha gari jipya. Si jipya la bandarini, lile ambalo mwenyewe anasema "nimeliingiza jipya" na ukifungua droo unakuta risiti ya maegesho ya Yokohama ya mwaka 2012. Hili lilikuwa jipya la dukani, lina harufu yake, na viti vyake vilikuja na nailoni ambazo mama watoto alikataza zisitolewe mpaka ndugu zake wote wawe wameziona. Injini lita mbili, silinda nne, turbo, nguvu za farasi 300. Jina la kampuni silitaji: waranti haijaisha, na mimi sijachanganyikiwa.

Najua swali lako. Gari la farasi 300 la nini hapa kwetu? Ndilo swali nililoulizwa na kila mtu, kuanzia ofisa mikopo wa benki hadi mlinzi wa getini. Jibu ninalo: nililipenda. Mtu mzima akishalipa kodi zote, na kwenye gari kodi zetu hazina mchezo, ana haki ya kupenda kitu kisicho na maana.

Ila ni kweli kwamba nchi haikulipokea vizuri. Ukitoka Dar kwenda Morogoro, kila penye nyumba tatu na kibanda cha vocha pana kibao cha 50, na mbele kidogo, nyuma ya mwembe, pana askari na tochi yake. Faini shilingi 30,000, huna la kujitetea. Kibao kikiisha linaanza tuta, na tuta likiisha unakutana na lori la Zambia linapanda kilima kwa mwendo wa harusi. Kisheria, chombo chenye kasi kuliko vyote vya abiria kati ya Dar na Morogoro ni treni ya SGR, iliyoanza safari hizo Juni 2024 na inayoruhusiwa kufika kilomita 160 kwa saa, na dereva wake hakukopa benki. Mimi farasi wangu 300 nilikuwa nawatembeza kwa miguu.

Siku yenyewe tulikuwa tunakwenda Morogoro kwenye kikao cha posa. Shemeji yangu, kaka yake mama watoto, alikataa lifti. Alisema magari yangu anayafahamu. Nikamwambia hili jipya. Akasema anatangulia na treni, tukijaliwa kufika tutamkuta.

Mlandizi tulipita salama. Kilomita zilikuwa hazijafika elfu kumi. Sevisi zote nilifanya kwa wakala, kitabu kina mihuri yake yote, na oili ni ile waliyoiweka wenyewe kwa bei ambayo gari langu la zamani lingejaziwa tangi. Nilikuwa nyuma ya semi-trela, nafasi ikapatikana, nikakanyaga. Gari likaruka, kile kitu nilichokopea. Nikarudi upande wangu, na hapo ikaanza: ngo, ngo, ngo, chini ya boneti. Ukikanyaga inaongeza, ukiachia inapunguza.

"Kuna mtu anabisha," akasema mama watoto.

Taa nyekundu ya oili ikawaka. Nikaweka pembeni, nikazima.

Watu wakatokea. Sijui walitoka wapi, maana pale hapakuwa na nyumba. Kijana mmoja alikata matawi akayapanga barabarani nyuma ya gari, yale yale wanayoyawekea malori yaliyokatika ekseli. Kwenye buti nina pembetatu za kiwandani, zinang'aa, ziko ndani ya mfuko wake. Hakuna aliyezitaka. Nilipoyaona yale majani nyuma ya taa zangu za ledi nikajua cheo chetu kimeshuka.

Kila mmoja alikuja na ugonjwa wake. Wa bodaboda alisema plagi. Muuza mahindi alisema nimewekewa mafuta yenye maji, akataja na kituo. Mzee mwenye baiskeli alisema magari ya turbo hayataki kuzimwa ghafla, akanigombeza kwa kulizima, ingawa nilimweleza kwamba lilianza kugonga likiwa linatembea. Yule kijana wa matawi hakusema lolote. Alisimama karibu na mlango wangu akisubiri hela ya matawi.

Ndipo ile semi-trela niliyoipita ikafika, ikasimama. Dereva wake, mzee wa kikoi na ndala, alishuka na bisibisi ndefu mkononi. Hakuuliza aina ya gari wala mwaka.

"Washa kidogo, mwanangu."

Akaweka ncha ya bisibisi kwenye bloku, mpini sikioni, akafumba macho. Akaihamisha, akasikiliza. Akaihamisha tena.

"Zima. Beringi ya konrodi, namba tatu. Usiiwashe tena hii, hata ukiombwa."

Akafuta bisibisi kwenye kikoi, akapanda, akaendelea na safari yake ya Tunduma. Hakudai hata shilingi. Wewe mshike tu kichwani mzee huyo.

Tukiwa tunasubiri bredauni, shemeji akapiga simu. Alikuwa ameshafika Morogoro, ameoga, anakula. "Mko wapi?" Nikamjibu kwamba tuko njiani, jambo ambalo lilikuwa kweli tupu.

Mwenye bredauni tulikuwa tumepatana kwa simu. Alipoliona gari, bei ikapanda pale pale. "Bosi, mbona hukusema kama ni hii?" Nikamwambia uzito si mkubwa kuliko wa gari lolote. Akasema uzito si hoja. Hoja ni kwamba liko chini, bampa litakwangua wakati wa kupandisha, na akilikwangua mimi sitamwelewa. Hapo alinijua. Tukaanza kutafuta mbao za kuweka chini ya matairi, na mbao zilikuwa za yule kijana wa matawi, ambaye kumbe alikuwa na biashara pana.

Lilipoingia mtaani limebebwa, watu wakatoka nje kuangalia. Gari jipya likifa ni msiba wa kijana: hakuna anayekubali kwamba ni mapenzi ya Mungu, watu wanataka sababu. Kesho yake, Jumapili, wakaanza kuja mmoja mmoja. Walitoa pole, wakakaa, wakapewa chai, halafu wakaingia kwenye mahojiano. Lilianza lini? Halikuonyesha dalili yoyote? Mara ya mwisho lilikunywa wapi? Nani alikuwa nalo Ijumaa? Jirani wa ng'ambo, ambaye gari lake ni rika la mwanangu mkubwa na lina milango miwili inayofunguka kwa ndani tu, alikaa kuliko wote. Nilimsubiri aseme aliye juu mngoje chini, nimjibu. Hakusema. Alisema, "La kwangu hili, unajua, injini yake haijawahi kufunguliwa," akanyamaza, akaniachia hesabu nimalizie mwenyewe.

Fundi wangu wa siku zote, anayefanyia kazi chini ya mwembe, alikuja na boksi la spana bila kuitwa. Ikabidi nimzuie. Nikamweleza habari ya waranti: akilegeza nati moja tu, kiwanda kitasema tumeharibu sisi.

"Kwa hiyo gari ni yako," akasema.

"Ndiyo."

"Imekufa."

"Ndiyo."

"Na huruhusiwi kuigusa."

"Ndiyo."

"Na wanaoruhusiwa wako wapi?"

Nikamwambia wamefunga, leo Jumapili. Akaliweka boksi chini, akapewa chai.

Karakana ya wakala ina kiyoyozi, kahawa ya bure na luninga inayoonyesha magari yakipasua theluji. Mshauri wa huduma, kijana mwenye kishikwambi, alinipokea vizuri mno. "Mzee wetu, gari limepata changamoto gani?" Nikamwambia injini imekula beringi ya konrodi, namba tatu. Akaandika: mteja anasema anasikia sauti.

Yakaja maswali. "Huwa unaweka petroli ya okteni ngapi?"

"Ya elfu hamsini."

Hakucheka. Nami sikuwa natania. Pale kituoni ukimuuliza kijana wa pampu habari za okteni anakuuliza kama unataka risiti.

"Umewahi kuliendesha kwa kasi kubwa?" Nikamuuliza ile picha kubwa ukutani kwao, gari langu lile lile limelala kwenye kona matairi yanatoa moshi, waliibandika kuonya watu?

"Umewahi kuliendesha mwendo mdogo, gia kubwa, huku unakanyaga sana?" Hapo nikamtazama vizuri.

Swali lake lina maana, na nilikuja kulisoma baadaye. Injini hizi ndogo za turbo, zinazopuliziwa petroli moja kwa moja ndani ya silinda, zina maradhi yao. Ukizilazimisha kuvuta kwa nguvu zikiwa zinazunguka polepole, mchanganyiko unaweza kulipuka kabla plagi haijatoa cheche, na mlipuko huo unaikuta pistoni bado inapanda. Ukijirudia unavunja ringi, unapasua pistoni, unapinda konrodi. Ndiyo sababu oili za kiwango cha API SP, kilichoanza mwaka 2020, hupimwa pia kwa uwezo wa kuzuia jambo hilo. Nikauona mtego ulivyokaa. Ukikimbiza, umekosea kukimbiza. Ukifuata kibao cha 50, umekosea kufuata kibao cha 50. Gari la waranti lina mwendo mmoja tu usio na lawama, nao ni kuegeshwa.

Halafu wakachomeka waya. Kumbe muda wote kompyuta ya gari ilikuwa inaandika, bila kunishirikisha: injini ilizunguka mara ngapi kupita kiasi, maji yalipata joto kiasi gani, presha ya turbo ilifika wapi. Nilikuwa nimemnunua shahidi wa upande wa mashtaka, tena kwa mkopo. Bahati nzuri shahidi alinisafisha. Sikukutwa na kosa. Nikategemea hilo litaharakisha mambo. Kijana akasema hilo litaambatanishwa.

Nikapiga simu bima. Ninalipia bima kubwa, na kwa akili yangu kubwa ni kubwa. Binti wa bima aliuliza kwa sauti ya matumaini: limegongwa? Limeibwa? Limeungua? Limeangukiwa na mti? Nikasema hapana, limekufa lenyewe. Akasikitika kwa dhati. Bima inalipa ajali. Injini iliyojiua ndani ya boneti lake haimo. Shemeji, ambaye kwa wakati huo alikuwa mtaalamu wa usafiri wa familia nzima, alisema nyumbani kwake kuna mti anatafuta mtu wa kuuangusha. Nikamkemea mbele ya watoto. Ila nilimuuliza unaelekea upande gani.

Benki wao hawakuuliza kitu. Tarehe ilipofika wakakata rejesho lao kimya kimya.

Ruhusa ya kufungua injini ilipopatikana, niliomba nishuhudie. Fundi wao alikuwa dada mmoja mwenye glovu nyeusi, mtaratibu. Alilegeza nati ya sampu, oili ikashuka kwenye beseni ikiwa ya kijivu, inametameta chini ya taa. Akalishika chujio la oili, akalikata kwa kifaa chake, akatoa karatasi ya ndani na kuikunjua mkunjo kwa mkunjo juu ya kitambaa cheupe. Kila mkunjo ulikuwa na vumbi la madini. Akapitisha sumaku. Kidogo kikanata, kingi kikabaki pale pale.

"Kinachonata ni chuma, mzee. Hiki kisichonata ndiyo beringi yako."

Baadaye akaniwekea beringi yenyewe kiganjani. Mtu akisikia beringi anafikiria gololi. Ya konrodi haina hata moja. Ni vipande viwili vyembamba vilivyokunjwa nusu duara, vinaikumbatia krenkishafti, na kati yao na krenkishafti kuna nafasi ya milimita 0.05 hivi, inayotakiwa kujaa oili muda wote injini inapozunguka. Farasi wote 300 wamesimama juu ya utando huo. Oili ikikatika kwa sekunde chache, au kikipita kichembe cha chuma kilichosahaulika kiwandani, basi. Kipande kimoja kilikuwa kimelika mpaka rangi ya shaba imetokeza. Kingine kilikuwa kimezunguka kutoka mahali pake kikampanda mwenzake. Aliviweka kwenye mfuko mdogo wa plastiki, akaandika juu yake kwa kalamu ya wino mzito: 3.

Nilitaka kumpigia simu yule mzee wa Tunduma. Sikuwa na namba yake.

"Sasa si tumeshajua?" nikamuuliza dada.

"Mimi nimeona, mzee. Kusema siruhusiwi. Anayesema ni kiwanda."

Picha zikatumwa kiwandani. Kiwanda kikaomba picha zaidi. Zikatumwa. Aliyeziomba akawa likizo, maana huko kwao ilikuwa Agosti, na Agosti Ulaya watu huenda baharini. Nikipiga simu naambiwa liko kwenye mchakato. Nikifika mwenyewe napewa kahawa ya bure, naonyeshwa gari langu kwa mbali, boneti wazi, halina kitu ndani, limefungwa utepe wa kuzuia watu. Utepe ule ulinihusu na mimi.

Katika kusubiri nikaanza kusoma, nikagundua niko kwenye kundi la watu wa heshima. Mwaka 2014 Porsche iliwaambia wenye 911 GT3 mpya waache kuziendesha baada ya mbili kuungua Ulaya. Boliti za konrodi zilikuwa zinalegea. Zilikuwa gari 785, na kampuni ikaamua kubadilisha injini zote 785. Mwaka 2024 Toyota, hao hao ambao jirani wa ng'ambo anawaapia, waliita yarudi karakana magari takribani 102,000 Marekani, Tundra na Lexus LX, ndugu wa damu wa mashangingi yetu, kwa sababu mabaki ya uchongaji wa kiwandani huenda yalisahaulika ndani ya injini. Nikavuka barabara na simu yangu mkononi kumwonyesha jirani. Alisoma mpaka mwisho. "Hizo za Marekani," akasema, akanirudishia simu.

Mwaka 2025 ikawa zamu ya General Motors: magari takribani 721,000 yenye injini ya V8 ya lita 6.2, kasoro kwenye krenkishafti na konrodi. Yaliyokutwa na ugonjwa yalikuwa ya kubadilishiwa injini. Yaliyofaulu ukaguzi yaliwekewa oili nzito zaidi na kifuniko kipya cha oili, kilichoandikwa namba ya hiyo oili nzito. Nilimsomea fundi wangu chini ya mwembe habari hiyo yote. Aliniomba nirudie mahali pa kifuniko. Kisha akasema kazi hiyo yeye anaifanya kila siku kwa daladala zinazogonga, weka oili nzito, kaza kifuniko, na hakujua kama Marekani wanalipia.

Siku hizo zote nilikuwa mtu wa mwendokasi. Ufunguo wa gari, ule wa kubonyeza, nilitembea nao mfukoni kwa mazoea, na Kimara asubuhi watu walipokuwa wanabanana ulikuwa unabonyezwa na kila anayepita. Naamini gari langu lilifunguliwa na abiria wengi kuliko mimi.

Fundi hakukata tamaa. Akaniletea yule kijana wa Shauri Moyo hadi nyumbani, usiku, wakaongea kwa sauti ya chini.

"Injini ipo, bosi. Hiyo hiyo. Imekuja na nusu ya mbele ya gari, hata redieta bado ina maji ya Japani. Ijumaa unatembea."

"Na waranti?" akauliza mama watoto kutoka jikoni.

"Mama, samahani," akasema fundi kwa heshima zote, "kinachomzuia mzee asitembee si ndiyo hiyo waranti?"

Hakuna aliyemjibu. Nilimtazama mama watoto, mama watoto akatazama sufuria. Nikiri kwamba kijana alipotaja bei nilijikuta napiga hesabu, na hesabu ilikuwa inakubali. Kilichonizuia ni kwamba gari lenyewe halikuwepo. Lilikuwa chini ya utepe wa watu wengine, na ili nilitoe nilitakiwa kusaini fomu ya kukubali kwamba nimelitoa kwa hiari yangu, halina injini, na kiwanda hakidaiwi.

Hatimaye ripoti ikaja. Kiingereza, kurasa nyingi, grafu za rangi, picha za vyuma zilizokuzwa mpaka zinatisha. Nikaenda moja kwa moja kwenye hitimisho. Baada ya uchunguzi wa kina, uliohusisha wataalamu wa mabara mawili, imebainika kwamba kilichoharibika ni beringi ya konrodi, silinda namba tatu.

Bisibisi na kikoi.

Kwa nini iliharibika, ripoti haikusema. Ilisema tukio ni la pekee. Ilisema pia kwamba kiwanda, kwa nia njema na bila kukubali dhima yoyote, kitatoa injini mpya. Nia njema! Kitu nilicholipia, kwa waranti niliyouziwa, kilichokufa kikiwa na mihuri yao, nalipwa kwa nia njema. Nilimshukuru yule kijana wa kishikwambi kwa mikono miwili, maana ndivyo tulivyolelewa, na nilipofika nje nikakasirika.

Injini ikaja, ikafungwa, ikawaka bila kugonga. Nikakabidhiwa karatasi ya masharti. Kilomita 1,500 za kwanza, injini isizidi mizunguko 4,000 kwa dakika. Usikanyage mpaka mwisho. Usivute kitu. Usiende mwendo mmoja kwa muda mrefu. Kwa hiyo sasa farasi wangu wamerudi wote 300, ila wengi wako kwenye mapumziko ya daktari. Juzi barabara ya Morogoro nilipitwa na bajaji yenye abiria na jokofu. Abiria alinipungia. Jirani wa ng'ambo amenipita pia, mlango wake mmoja ameufunga kwa kamba, na alipiga honi.

Yote hayo nayavumilia. Linaloniweka macho usiku ni mazungumzo ya mwisho pale kaunta, nilipouliza kwa nia ya kufurahi tu, "Na hii injini mpya, waranti yake inaanza leo?"

Kijana akabonyeza kishikwambi. "Hapana, mzee wetu. Kifaa kilichobadilishwa kinafuata waranti ya gari. Na ya gari ilianza siku ile uliyolinunua."

"Na ile miezi yote limelala hapa kwenu bila injini?"

Akabonyeza tena, akasoma, akaniangalia kwa upole. "Inahesabika."

Nikasimama pale na ufunguo mkononi. Tangu Mlandizi tairi halikuzunguka, injini haikuwepo, na mwenyewe nilikuwa napanda mwendokasi. Muda wote huo, kitu pekee kwenye gari langu kilichokuwa kinatembea ni waranti.